Rangi ya Trela

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kulificha hilo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mpaka mkunga akaniomba radhi. Nayasema haya mapema ili mtu akifika mwisho asinigeukie na kuniuliza kwa nini sikufanya hivi wala vile. Nimejiuliza mwenyewe miaka mingi. Kazi ya kunihukumu nimeshaifanya.

Kitu chenyewe ni roboti ya kuchezea, yenye urefu wa chupa ya soda, ya plastiki laini ambayo ukiibonyeza tumboni inarudi. Hadi leo ninayo. Iko ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati, na mkebe huo siufungui mbele ya watu.

Ilitoka kiwandani. Baba alikuwa fundi wa rangi katika karakana ya kiwanda cha sukari, kazi yake kupaka trela za kubebea miwa na kuziandika nambari. Hiyo ndiyo miaka ambayo miwa ilitutia wazimu sote. Watu waling'oa migomba, wakang'oa mihogo, wakapanda miwa mpaka mlango wa jikoni. Ukienda chooni unapita kwenye miwa, ukienda kanisani ni miwa, na akifa mtu mnaanza kwa kufyeka miwa ndipo mpate pa kuchimba. Mabati mapya yaling'aa kila boma. Watu walivaa saa ambazo hawakujua kuzisoma. Na juu ya mabati hayo, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya obusuma, ugali wetu, ukichelewa kuufunika, yalianguka masizi, ya bomba la kiwanda na ya mashamba yaliyochomwa kabla ya kukatwa. Sisi tuliyapangusa tu na kuendelea na shughuli zetu.

Siku moja mhandisi wa kutoka ng'ambo alimaliza mkataba wake, familia ikafunga virago, na vitu walivyoviacha vikaletwa karakana vichomwe. Baba aliiona roboti ndani ya sanduku la viatu vibovu, akaitia mfukoni mwa koti. Rangi yake ya bluu ilikuwa imepauka na kubanduka. Mkono wa kushoto haukuwapo. Mguu mmoja ulikuwa na alama za meno ya mbwa, na chini ya unyayo mtoto wa yule mhandisi alikuwa ameandika jina lake kwa wino. Baba aliiweka mezani wakati wa chai bila maneno mengi. "Ni ya huyu," akasema, akimwonyesha kaka yangu kwa kidevu.

Kaka yangu alikuwa na miaka tisa na mimi kumi na sita. Katikati yetu walizaliwa wawili, wakafa wangali wachanga, kwa hiyo tulibaki sisi tu. Yeye alikuwa na ugonjwa wa damu, ule unaotia maumivu kwenye mifupa na kuyafanya macho yawe manjano. Mwezi huu yuko shuleni anakimbizana na wenzake, mwezi ujao amelala katika hospitali kubwa mjini Kakamega anatundikiwa damu. Watu walidhani tumezoea. Mimi sikuwahi kuzoea, nilikuwa najitia tu.

Aliigeuza ile roboti, akaona maandishi ya unyayoni, akairudisha mezani.

"Hii ni ya mtu," akasema.

"Huyo mtu ameshaenda kwao. Amepanda ndege. Unadhani atarudi kuidai?" nikamwambia.

"Jina lake liko hapa."

"Basi nitalitoa."

"Na rangi je?"

"Na rangi nitaitoa. Unataka rangi gani, bwana mkubwa?"

Hakufikiri hata kidogo. Alitaka manjano ya trela. Na ule mkono uliokosekana alitaka uwe na makucha ya winchi. Alikuwa anaipenda winchi ya kupakia miwa kuliko kitu chochote. Angeweza kukaa kando ya barabara tangu asubuhi akitazama makucha yake yakishuka, yakikumbatia mzigo ambao watu ishirini wasingeuweza, yakiupandisha kwenye trela bila hata kutoa jasho. Mtoto ambaye akibeba ndoo ya maji analala siku mbili, ulitaka apende nini? Kifuani alitaka nambari saba, kwa sababu trela nambari saba ilikuwa haijawahi kupinduka.

"Na itakuwa yangu kabisa?"

"Itakuwa yako mpaka uichoke."

Sijisifu bure nikisema mkono wangu ulikuwa mzuri. Nambari za trela alizipaka baba, lakini vile vibao vya kadibodi vyenye matundu ya tarakimu nilivikata mimi, kwa wembe, kwenye meza ya jikoni, kwa sababu mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Madereva waliringia nambari zao barabarani wala hawakujua zimekatwa na msichana. Mimi nilijua, na majivuno yangu nikayaweka rohoni. Sikuwa nimewahi kuharibu kazi ya mkono hata siku moja. Ndiyo maana nikafanya niliyoyafanya.

Nilianza na unyayo. Wino ulikuwa umezama, nikausugua kwa msasa mpaka vidole vikaniuma, na kaka yangu ameketi karibu anapuliza vumbi na kuhesabu herufi zinazobaki. Jina lilipoisha alipitisha kidole mara mbili kuhakikisha. Kisha nikasugua mwili wote, nikauosha kwa sabuni na maji ya moto, na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: plastiki ile ikiingia kwenye maji ya moto inalegea, unaweza kuikunja utakavyo, na ikipoa inakaa hivyo hivyo. Nikachukua vyuma vitatu vya mwavuli uliovunjika, nikavipinda kwa koleo la baba, nikavifunga kwa waya ili viweze kufunguka na kufunga. Nikalichovya bega la roboti kwenye sufuria iliyokuwa inachemka, nikachomeka makucha pale palipokuwa na shimo la mkono, nikamwagia maji baridi. Yakashika. Ukivuta kamba ndogo mgongoni makucha yanafunguka, ukiachilia yanafumba. Kaka yangu aliokota kijiti kwa makucha yale, akakiweka juu ya kiberiti, akacheka mpaka akapaliwa.

Kukhu, mama yake baba, alikuwa mlangoni anachambua mboga.

"Hicho ni nini mnatengenezanga tangu asubuhi?"

"Ni mashine, kukhu."

"Mashine yenye magoti? Na shingo imeenda wapi?"

"Mashine hazina shingo."

"Aka! Kitu kina magoti na hakina shingo, na nyinyi mnakifurahia." Akarudi kwenye mboga zake, lakini nilimwona akichungulia kila makucha yalipofunguka.

Siku ya pili yake maumivu yakamshika kaka yangu mgongoni, akashindwa kuinuka. Mama akafunga nguo zake kwenye leso, wakaondoka naye kwenda mjini. Akiwa mlangoni, amebebwa mgongoni mwa baba na miguu inaning'inia, akanigeukia.

"Ikikauka uniletee."

"Nitakuletea Jumamosi."

"Itakuwa imekauka?"

"Rangi ya trela inakaukanga kabla ya chakula cha mchana. Kwani wewe hujui?"

Na ilikuwa kweli. Baba alikuwa anapaka trela saa mbili asubuhi, na saa sita dereva anaegemea na shati lake jeupe. Ilikuwa rangi nzito ya mafuta, iliyokuja kwa mapipa, na sisi sote tuliiamini kama tunavyoamini kwamba kesho kutakucha. Baba aliniletea kiasi ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na brashi yake ndogo kuliko zote. Nikaipaka Alhamisi. Nilipaka taratibu, bila kuacha alama ya brashi hata moja, nikazunguka kila kifundo, nikapita kati ya vidole vya ule mkono wa kulia kwa unyoya wa ingokho, kuku wa nyumbani. Makucha sikuyapaka, niliyaacha yaking'ara chuma chake. Nambari ningeiandika mwili ukishakauka. Nilisimama nyuma nikaitazama, na wallahi ilikuwa nzuri. Siku hiyo nilijipenda.

Ijumaa asubuhi nikaigusa kisigino. Ikanata.

Jumamosi ilikuwa inanata vilevile. Tukaenda hospitali na uji na mayai ya kuchemsha, bila roboti.

"Imekauka?" Hata salamu hakunipa.

"Bado kidogo. Mvua."

Kitanda cha pili alilala msichana mdogo aliyeungua mguu. Akainua kichwa. "Huyu ndiye dada wa roboti?" Kumbe kaka yangu alikuwa amekwisha kuwahadithia watoto wote wa wodi, makucha, nambari saba, mpaka ile kamba ya mgongoni. Walinitazama kama fundi mkubwa. Nami nikaupokea utukufu huo, nikawaahidi kwamba wiki ijayo wataiona kwa macho yao.

Nyumbani baba aliishika roboti, akainusa, akasema ni unyevu. Huku kwetu mvua inakujanga kila alasiri, kweli. Nikaipandisha juu ya mabati ipate jua la asubuhi. Nilipoishusha ilikuwa na madoa meusi mwili mzima, masizi yameinatia kama nzi kwenye asali, na ukiyabandua yanatoka na rangi. Nilipandwa na hasira hadi nikatukana kiwanda, shamba la jirani, na moshi wenyewe. Nikafuta kila kitu kwa petroli, nikapaka upya, tabaka la pili zito zaidi. Jumatano ikafika, inanata kuliko mara ya kwanza. Nikaiweka karibu na jiko. Ikatoa harufu mpaka mama akafungua madirisha yote, na bado ikanata. Baba akaongeza thina kwenye rangi ili iwe nyepesi, nikapaka tena. Kukhu akasema ninyunyizie unga, kama wanavyofanya na kinyunya kikishika mikono. Nikamwambia hii si mandazi, kukhu. Akaendelea na tasbihi yake.

Jumamosi ya pili tena tukaenda mikono mitupu.

"Imekauka?"

"Inakaribia."

"Nani anaitunza sasa?"

"Mimi. Nimeifunika kwa chekecheke isiingiwe na masizi."

"Ni manjano kabisa?"

"Kuliko trela zenyewe."

Akafumba macho akatabasamu. Nikatoka nje kumsubiri mama, maana nilikuwa naona haya, na mimi nikiona haya ninakuwa mkali. Nyumbani mama aliponiambia neno dogo tu, nilimlipukia. Alikuwa anajaza uji kwenye chupa ya chai, siku ya Jumamosi ya tatu.

"Mpelekee hivyo hivyo," alisema. "Mtoto anaiulizanga kila siku."

"Inanata, mama. Itamchafua."

"Si atanawa?"

"Itachafua shuka za watu. Itamchafua nguo. Na wale watoto nimewaambia ni nzuri, niwapelekee kitu kinachonata kama ulimbo? Watasema nimeshindwa."

"Nani atasema?"

"Mama, niache na kazi yangu!"

Nilipaza sauti mpaka kuku wakatoka jikoni. Mama alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akachukua kikapu chake. Hakuniambia tena habari ya roboti.

Kaka yangu siku hiyo alikuwa amepungua. Mikono ilikuwa imebaki mifupa, na macho yalikuwa manjano hata nikaacha kuyatazama. Alinivuta mkono nisogee, kwa sababu sauti ilikuwa chini.

"Dada, hata kama haijakauka."

"Itakauka."

"Makucha si hayana rangi? Nitashika makucha tu. Sitagusa mahali pengine."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Alikuwa amelala pale akifikiri, siku nzima pengine, jinsi ya kuipata roboti yake bila kunikosea, na akapata njia, na njia ilikuwa nzuri. Makucha hayakuwa na rangi. Angeweza kuyashika. Ningeweza kuifunga kwa gazeti mpaka kiunoni, ningeweza kuitundika kwenye chuma cha kitanda kwa uzi aitazame. Mwenye akili zake angesema ndiyo.

Nikamwambia, "Acha kichwa ngumu. Mimi sitoi kazi nusu. Jumatano utaipata, haki ya Mungu, na nambari yake kifuani."

"Jumatano?"

"Jumatano."

Akakubali. Alikuwa ananiamini.

Jumanne jua lilitoka kali mapema. Nikaweka ngazi ukutani, nikapanda na roboti na chekecheke, nikawa naitafutia pahali juu ya mabati ambapo upepo wa kutoka kiwandani haufiki. Kutoka pale juu nilimwona baba akija katikati ya miwa. Alikuwa anaisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Saa hiyo watu wa karakana ndio kwanza wanakunywa chai. Alikuwa na ovaroli yake yenye madoa ya manjano, na kofia ameishika mkononi.

Mimi sikutaka kuelewa. Nilimwita nikiwa juu, kabla hajafungua mdomo.

"Baba, leo jua ni kali! Leo itakauka!"

Aliilaza baiskeli chini, akaja akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Shuka, mama," akasema. "Shuka taratibu."

Walipomleta kaka yangu nyumbani walimvika shati jeupe, lile la Pasaka, na kukhu akampaka mafuta usoni kama anakwenda shule. Wanawake wa kanisa walikuwa wanaimba uani. Nikaingia chumbani nimeificha roboti chini ya leso. Nambari saba haikuwa kifuani. Nikaitoa, nikainama nimwekee kando, pale kati ya mkono na ubavu, makucha yakielekea kwenye kiganja chake.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wa kichwani. Akatazama ile rangi mbichi, akatazama shati.

"Itamchafua," akasema.

Ninaijua sauti ya mama yangu akitaka kunichoma, na hiyo haikuwa yenyewe. Alikuwa amechoka, ameshafua shati lile kwa mikono yake asubuhi, na aliona rangi na weupe, basi. Sidhani hata alikumbuka ni nani alikuwa wa kwanza kulisema neno hilo. Mimi nililikumbuka. Niliiondoa roboti, nikatoka nayo nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye miwa nikatembea mpaka nyimbo zikawa hazisikiki vizuri, nikaketi chini. Nilitaka kuitupa. Ilikuwa imeninata mikononi.

Kwa miaka miwili nilijilaumu kwa siku moja. Nilijiambia, laiti angeningoja Jumatano. Nilikuwa hata namlaumu yeye, Mungu anisamehe, marehemu mtoto wa miaka tisa, kwa nini hakungoja siku moja tu, mtu aliyekuwa mvumilivu hivyo. Nilikuwa nimeshawishika kwamba jua la Jumanne ile lingeikausha.

Kisha kanisa likanituma mjini kununua rangi ya viti. Niliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka akiwa mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipimia rangi, na huku anapima akaniuliza, kwa mazungumzo tu, kama ni viti vya mbao au vile vipya vya plastiki.

"Mbao," nikasema. "Kwani ni tofauti?"

"Tofauti kubwa, mama. Rangi hii ya mafuta usiipake kwenye plastiki laini. Kuna mafuta ndani ya plastiki ile, yanatoka polepole, yanailainisha rangi. Haikauki."

"Haikauki upesi?"

"Haikauki kabisa. Waweza kungoja miaka kumi."

"Hata jua likiwa kali?"

"Hata ukiianika jangwani." Akacheka. "Watu wengi wameharibu vitu. Mtu anadhani ni mvua."

Niliacha mkebe wa rangi kwenye meza yake, nikatoka. Nilitembea nikafika Lurambi ndipo nikatambua kwamba nimeshika njia isiyoelekea kwetu. Nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara, mtu mzima na kitambaa changu cha kanisa kichwani, nikalia kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alisimama akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia kaka yangu. Akaniuliza lini.

Kumbe hakukuwa na Jumatano. Angengoja mwezi, angengoja mwaka, angekua akaota ndevu, kila wiki angeniuliza imekauka, na mimi kila wiki ningemwambia bado. Ile siku ya kwanza, Ijumaa asubuhi, nilipogusa kisigino kikanata, ilikuwa tayari jinsi itakavyokuwa siku zote. Kazi ilikuwa imekwisha na mimi nikawa nangoja.

Nyumbani sikumwambia mtu. Baba aliendelea kuamini ni unyevu mpaka alipokufa. Rangi ilikuwa kazi yake, na sikuona faida ya kumvunja moyo.

Nikaolewa Khwisero. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume, na alilia tangu siku aliyozaliwa. Alikataa ziwa, akakataa usingizi. Mama mkwe akawaita wazee wanawake, wakaanza kumwitia majina ya waliotangulia, kama desturi yetu ilivyo: mtoto akilia hivyo kuna mtu wa ukoo anataka jina lake lirudi, na litakapotajwa lenyewe mtoto atanyamaza. Walimaliza majina ya upande wao wote. Wakaja upande wangu, babu, baba, wajomba. Mtoto analia tu. Mimi nikiwa nimelala kando ya ukuta nikataja jina la kaka yangu.

"Huyo si alikufa akiwa mtoto?" mama mkwe akasema. "Jina la mtoto haliitwangi hivi hivi."

Lakini mwanangu alikuwa amekwisha kunyamaza, na alikuwa ananyonya. Hakuna aliyebishana naye. Sisemi ni nini kilichotokea pale, mimi si mtu wa kupenda miujiza. Nasema tu kwamba tangu hapo nikawa naliita jina lile mara hamsini kwa siku, njoo ule, vaa viatu, acha kumpiga mwenzako, na kila mara moyo uligonga.

Alipofika miaka tisa aliufungua ule mkebe. Nilikuwa nachambua maharagwe sebuleni, nikamwona amesimama juu ya kiti, mkebe umefunguliwa, na roboti iko mkononi mwake. Nilifungua mdomo nimkemee. Akaniwahi.

"Mama, hii ni ya nani?"

Ilikuwa nyeusi, si manjano tena. Masizi ya miaka ile, kabla sijaitia mkebeni, yalikuwa yameifunika kama manyoya, na pale vidole vyake vilipobonyeza, manjano yakachungulia chini yake, mabichi, kama nimeyapaka jana.

"Ni ya mwenye jina lako," nikasema.

"Basi ni yangu?"

"Ndiyo. Ni yako."

"Inanata," akasema, akakunja pua. Lakini alikuwa ameshaona kamba ya mgongoni. Akaivuta. Makucha yakafunguka, na kutu yake, yakafumba. Akacheka. Akaokota kijiti cha kiberiti kwa makucha, akakiinua, kikaanguka, akakiokota tena. Alicheza hivyo labda muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha wenzake wakamwita nje, akaiweka roboti juu ya meza na kunionyesha mikono yake.

Ilikuwa michafu. Manjano na masizi, vidole vyote kumi, na alama kidogo kwenye kaptura. Hiyo ndiyo hasara yote.

Nilichukua kitambaa, nikakichovya kwenye mafuta ya taa, nikamfuta kidole kimoja kimoja. Rangi ilitoka bila taabu. Nikamnawisha kwa sabuni, nikamkausha. Haikuchukua dakika mbili. Mikono yake ilikuwa safi kama alivyoamka nayo, na mimi bado nilikuwa nimeishika, nimeikaza, siwezi kuiachia.

"Mama, umenishika sana," akasema. "Niachilie nikacheze."